Matawi ya mialoni yanachana paa la trela letu

Shikamoo mzee,

Mimi nimezaliwa Morogoro, ila sasa naishi Houston, Texas, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Mwaka huu tulijichanga tukanunua trela la kupigia kambi, lile la kukokotwa na pikapu, lenye vitanda, jiko, choo na kiyoyozi juu ya paa. Si jipya, lakini ni zima, na watoto wamelipenda sana. Nia yetu ni kutoka wakati wa likizo, twende kwenye hifadhi za jimbo, watoto waone mito na wanyama badala ya kushinda na simu.

Shida yetu ni miti. Huku kuna mialoni isiyopukutika majani hata wakati wa baridi, na matawi yake hayapandi juu kama ya mvule. Yanatambaa kwa ubavu, mengine yanakaribia kugusa ardhi, na nafasi nyingi za kambi zimo katikati ya miti hiyo. Safari ya mwisho tulifika jioni, giza linaingia, na nyuma yetu magari mawili yanangoja tupishe njia. Nikaanza kupiga rivasi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma, anaelekeza. Akasema simama. Mimi nikasikia sogea. Tukasikia mkwaruzo, halafu kishindo. Tawi lilikuwa limenasa kwenye kifuniko cha tundu la hewa la bafuni, likakivunja, likaacha mchano juu ya paa wenye urefu wa kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Nilimfokea mke wangu mbele ya watu. Hakunijibu. Usiku ule alilala upande wa watoto, na asubuhi akaniambia hatasimama tena nyuma ya lile trela, nimtafute mtu mwingine.

Sasa mzee, nimenunua msumeno wa kukunja. Rafiki yangu mmoja ananiambia niwe nao garini, nikifika kambini nipogoe matawi yanayonizuia kabla sijaingiza trela. Je, kuna ubaya? Pili, hapa nyumbani mwaloni wa jirani umeinamia njia yetu ya kuingizia gari, na kila nikitoa trela tawi moja linaparuza ubavu. Jirani ni mzee wa Kimarekani, hatujawahi kukwaruzana naye. Na lile paa nimelipaka silikoni niliyokuwa nayo ya bafuni, nikafunika na turubai. Nimefanya sawa?

Baba wa watatu, Houston

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na paa, maana Houston mvua haikawii.

Turubai liache lilivyo mpaka siku ya jua. Siku hiyo ukilifunua, ile silikoni uibandue yote. Matrela mengi ya aina yako yana paa la utando wa mpira, unene wake milimita moja na kidogo tu, uliogandishwa kwa gundi juu ya plaiwudi. Silikoni ya bafuni haishiki vizuri kwenye mpira huo, na mabaki yake yanazuia dawa ya kuzibia iliyo sahihi nayo isishike. Ikwangue kwa kipande cha plastiki, usitumie kisu. Usisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, kwa sababu vitu vya jamii hiyo vinavimbisha mpira ukaachana na ubao wake. Maji na sabuni laini vinatosha. Halafu pakauke kabisa.

Kabla ya kuziba, bonyeza kwa kidole pande zote mbili za mchano, toka mwanzo hadi mwisho. Pakiwa pagumu, una bahati. Nunua utepe wa kuzibia mapaa ya matrela, unauzwa kwa roli kwenye maduka ya vifaa vyao, ubandike upite mchano angalau sentimita 5 kila upande, ukandamize kwa rola ndogo ili hewa isibaki, kisha kingo zake uzifunike kwa ile dawa ya kuzibia inayotandaa yenyewe. Pakiwa panabonyea, usizibe. Maji yameshaingia kwenye plaiwudi, na ukiyafungia ndani ubao utaoza ukiwa umejificha. Hapo ni kazi ya fundi: afungue, akaushe au abadilishe kipande. Tundu la hewa lisikutishe, mengi ni ya inchi 14 kwa 14 na vifuniko vyake vinapatikana kirahisi. Kama una bima, piga picha za kila kitu kabla hujagusa.

Mambo mawili hapo kabla sijaendelea. Si kila paa la trela linabeba mtu. Tazama kitabu chake, na hata kama linabeba, tandika ubao mpana ndipo upige goti. Na ndani usitazame bafuni peke yake. Maji hufuata mbao za paa yakatokea mbali na yalikoingilia, kwa hiyo pita na tochi kwenye kabati za juu na pembe zote, utafute doa au ukuta uliovimba.

Sasa nije kwa mkwe wangu, maana barua yako imeniuma hapo kuliko kwenye paa.

Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kabla sijaja huku kuendesha ya Wamarekani. Kwetu dereva wa lori hapigi rivasi bila utingo. Utingo anateremka, anazunguka nyuma, anatazama chini, anatazama pembeni, anatazama juu, kisha anaanza: njoo, njoo, njoo. Akigonga bodi kwa kiganja, gari linasimama palepale. Dereva hamuulizi kwa nini. Anaweza kuwa kijana wa miaka 20 na dereva ana miaka 60, lakini gari linaporudi nyuma mwenye amri ni yule aliye chini, kwa sababu ndiye anayeona. Mkeo aliliona tawi, akasema simama. Kazi yake aliifanya, akalipwa kwa kufokewa mbele ya wageni.

Mwombe radhi, mwanangu. Mwombe kwa maneno, watoto wakiwa wanasikia, kwa sababu ulipomfokea nao walikuwa wanasikia. Usimchanganyie radhi na maelezo ya giza na magari yaliyokuwa yanasubiri. Magari yale yangeweza kusubiri. Siku nyingine washa taa za tahadhari, teremka, waambie watu kwa adabu kwamba utachukua muda, au songa mbele uwapishe, uzunguke urudi tena. Kambini hakuna anayekufukuza.

Mkishapatana, na akikubali kwa hiari yake, tafuteni uwanja wa kuegeshea magari ulio mtupu siku ya mapumziko mfanye mazoezi. Asimame nyuma upande wa dereva, mahali unapomwona kwenye kioo cha pembeni. Akitoweka kwenye kioo, wewe unasimama, hata kama hajasema kitu. Kushoto na kulia muache. Mtu anayerudi nyuma kwa kioo huchanganya pande hizo upesi. Semeni upande wa dereva na upande wa abiria. Kurudi ni njoo, kusimama ni simama, na hilo la kusimama liende pamoja na mikono miwili juu, imepishana. Simu zenu ziwe hewani muda wote, sauti ya juu, ili asilazimike kupiga kelele. Kisha mbadilishane. Mwache naye ashike usukani, wewe ukasimame nyuma. Utajifunza jinsi kazi ya utingo ilivyo ngumu wakati trela la futi 25 linakujia na wewe unatafuta kwa macho vitu vitano kwa wakati mmoja. Watoto wadogo wakae ndani ya pikapu. Nyuma ya trela linalorudi hapakai mtoto, hata mmoja.

Tatizo la waelekezaji wengi kambini ni kwamba wanatazama bampa na matairi: kigingi cha umeme, jiwe, meza ya mbao. Hakuna anayeinua uso. Kwa hiyo kabla hujaingiza gari kwenye gia ya nyuma, nyote wawili mteremke, mtembee kwa miguu nafasi yote, toka barabarani mpaka mwisho, mkitazama juu.

Na kutazama hakutoshi, maana jicho linadanganya kwa vitu vilivyo juu. Pima. Egesha trela mahali tambarare, likiwa limefungwa kwenye pikapu na matairi yamejaa upepo. Sehemu ya juu kabisa mara nyingi ni kiyoyozi, siyo paa. Weka ubao ulionyooka juu ya kiyoyozi, uchomoze nje ya ubavu wa trela, uusawazishe kwa pimamaji, kisha mwenzako ashushe tepu toka kwenye ubao mpaka ardhini. Kipimo hicho kiandike kwa futi na inchi, kwa sababu vibao vya Marekani vinaandikwa hivyo, ukibandike karibu na usukani. Texas inaruhusu gari lifike futi 14 kwenda juu, kama mita 4.27, na trela la aina yako huwa liko chini ya hapo kwa mbali. Ndiyo maana barabarani huna shida. Ila kibali cha barabara hakihusu tawi la mti.

Ukishapata kipimo, tafuta fito ya mbao au ya plastiki, nyepesi, ndefu kuliko kipimo hicho kwa inchi 12. Isiwe ya chuma, kwa sababu katikati ya matawi huenda pana waya wa umeme usiouona. Hiyo fito ndiyo itakuwa trela lako kabla trela halijafika. Mkeo aishike wima, atembee nayo kwenye mstari wa tairi la kushoto, arudi nayo kwenye mstari wa tairi la kulia, apite na pale kwenye kona ambapo ubavu wa trela utapita wakati unakata. Ikigusa kitu, mnajua mapema, na mnajua ni wapi.

Utasema inchi 12 ni nyingi. Si nyingi. Fikiria trela la urefu wa mita 3.4 kwenda juu. Tairi za upande mmoja zikiingia kwenye mfereji na trela likalala kwa nyuzi 3 tu, ukingo wake wa juu umeshasogea sentimita 18 kuelekea kwenye shina. Kisha unaweka vile vibao vya kusawazishia chini ya tairi, upande mmoja unanyanyuka. Kisha unalifungua kwenye pikapu, unapiga jeki ya mbele, pua inapanda. Halafu usiku mvua inanyesha, majani yanalowa, tawi linashuka. Umeingia Ijumaa tawi liko juu ya kiyoyozi kwa kiganja kizima, Jumapili asubuhi unataka kuondoka tawi limelalia paa. Nimeona watu wakivuta tu, wakaondoka na paa limechanika. Kwa hiyo fito itumike siku ya kuondoka pia.

Tawi ambalo halikuzuii kuingia linaweza kukuharibia ukiwa umelala. Likigusa paa na upepo ukavuma usiku kucha, linasugua mpira mahali pamoja mpaka linatoboa. Likigusa, sogeza trela. Ukiona juu yako pana tawi kavu lisilo na majani wakati mengine yana majani, ondoka kabisa hapo, kwa sababu hilo linaanguka bila upepo.

Najua unachotaka chini ya mti ni kivuli. Texas mwezi wa Agosti jua si la mchezo. Lakini kivuli hakipatikani chini ya mti peke yake. Jua linalotesa ni la alasiri, na hilo linatoka magharibi. Chagua nafasi yenye mti mkubwa upande wake wa magharibi, trela likae nje ya matawi. Kuanzia saa tisa hivi kivuli kitakufikia chenyewe na kiyoyozi chako hakitajaa majani. Simu yako ina dira.

Wakati wa kuweka nafasi, usitegemee picha za setilaiti, zinaonyesha mwavuli wa mti bila kusema tawi la chini liko wapi. Piga simu hifadhini, waambie urefu wa trela na kimo chake kwa futi, uulize nafasi zipi matawi yako juu. Wafanyakazi wanazijua nafasi zao moja moja. Brazos Bend, karibu na kwenu kusini magharibi mwa Houston, ina mialoni mikubwa inayoning'inia mimea kama ndevu, uliza mapema. Goose Island, karibu na Rockport, kuna kambi ndani ya mialoni iliyopindwa na upepo wa bahari, na kuna nyingine kando ya maji kuliko wazi. Kwa trela refu, nenda kando ya maji, halafu uwapeleke watoto wakauone ule mwaloni wanaouita Mti Mkubwa, unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000. Wengi wetu mwaloni tuliusikia kwanza kwenye habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre; hapo wataukuta umesimama. Na fikeni mapema, jua likiwa bado juu.

Msumeno wako uache nyumbani.

Kukata matawi kwenye hifadhi za jimbo ni marufuku, na kwenye hifadhi za taifa vilevile, hata liwe tawi moja dogo. Lakini sitaki uogope faini tu, nataka uelewe sababu, kwa sababu Texas ina ugonjwa wa kuvu unaoua mialoni. Kuvu hiyo inabebwa na mbawakawa wadogo sana, vijidudu vinavyofuata utomvu wa jeraha bichi. Ukikata tawi leo, kijidudu kilichotoka kwenye mti mgonjwa kinatua kwenye jeraha lako. Mialoni ya aina hiyo isiyopukutika mizizi yake huungana chini ya ardhi, kwa hiyo ugonjwa ukiingia mti mmoja unapita kwenye mizizi kwenda wa pili na wa tatu, na safu nzima inakauka. Watu wamepoteza vivuli vya babu zao kwa jeraha moja. Rafiki yako hakukusudia mabaya, ila ushauri wake usiufuate.

Tawi likikuzuia, rudi ofisini uombe nafasi nyingine, au umwambie msimamizi wa kambi; wao wana watu wa kupogoa na wanajua msimu wake. Vijitawi vyembamba vinavyogusa tu, mtu aliye chini anaweza kuvinyanyua kwa ufagio wenye mpini wa mbao wakati trela linapita polepole. Vyembamba, nasema. Tawi linalohitaji nguvu kulinyanyua lina nguvu ya kuchana.

Kuhusu jirani, nenda kwake kabla ya kufanya chochote. Kwa kawaida sheria inakuruhusu kupogoa kilichovuka mpaka wako, mwisho kwenye mpaka, bila kuingia kwake na bila kuudhuru mti. Lakini haki hiyo isikutangulie mlangoni. Mpigie hodi, mwonyeshe mkwaruzo ubavuni mwa trela, mwonyeshe tawi, umwambie utalipa wewe fundi wa miti mwenye cheti, na kwamba unataka mti ubaki salama. Kama mti umesimama kwenye ule ukanda kati ya barabara na nyumba, uliza manispaa kwanza, maana unaweza kuwa si wa jirani. Kama kuna waya wa umeme karibu, usiguse. Piga simu kwa shirika la umeme.

Kisha subiri. Wataalamu wa misitu wa Texas wanashauri mialoni isikatwe kuanzia Februari hadi Juni, wakati vijidudu vile ni vingi. Kati ya Julai na Januari ndiyo fundi aje. Hadi hapo, sogeza trela kwa upande wa pili wa njia, au ondoeni gari la pili lipate nafasi ya kupita mbali na tawi.

Fundi akija, simama umwangalie. Tawi zito halikatwi mara moja. Kwanza analikata kutoka chini, kama sentimita 30 toka kwenye shina, asifike katikati. Kisha anakata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, tawi linaanguka bila kuchuna gome la mti. Mwisho anaondoa kile kigutu kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe wa duara ambapo tawi linatokea kwenye shina. Uvimbe wenyewe haukatwi, ndio unaoziba jeraha. Miti mingine jeraha huachwa wazi likauke lenyewe, lakini mwaloni wa Texas unapakwa rangi, mwezi wowote ule. Ya kopo ya kawaida inatosha. Fundi ambaye hajaja na rangi, mwambie akaifuate kwanza ndipo apande ngazi, kwa sababu inapakwa palepale tawi linapodondoka, siyo baada ya kufagia majani.